Gavana aliondoka, kiti chake kikabaki: ardhi, kodi na huduma za jamii tangu Tanganyika ya Mwingereza

Boma_Kuu (mleta uzi)

Wakuu, kila Desemba mjadala ni uleule: Mwalimu alituinua au alituangusha. Naomba safari hii tufuate madaraka yenyewe. Yaliandikwa wapi, yalishikwa na nani, na yalipohamia kwa Mtanganyika yalibadilika au yalibadili mshikaji tu?

Hoja yangu naitoa mapema ili mnishambulie vizuri. Dola ya mkoloni iliundwa kuamuru na kukusanya. Sisi tuliichukua tukaiongezea kazi ya tatu, kuhudumia, bila kuifumua. Ndiyo maana huduma zetu nyingi zilikuja kwa amri, na baadhi zikaondoka kwa amri.

Tuanze na ardhi. Mwingereza hakuishika Tanganyika kama koloni la kawaida. Kuanzia 1922 aliishika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 chini ya Umoja wa Mataifa. Masharti ya udhamini yalimtaka alinde ardhi ya wenyeji. Jibu lake lilikuwa Sheria ya Ardhi ya 1923: ardhi yote, iliyokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Na aliyepima manufaa hayo ni Gavana huyohuyo. Mlowezi alipata hati ya hadi miaka 99. Mwenyeji hakupata karatasi. Marekebisho ya 1928 yalimtambua kwa mila tu.

Uzito wa utambuzi huo ulionekana Meru. Tume ya Jaji Wilson ilitoa ripoti 1947 ikipendekeza ardhi ya Arusha na Moshi ipangwe upya, na Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 wakahamishwa kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili kupisha ufugaji wa walowezi. Kirilo Japhet, mjumbe wao, alifika Umoja wa Mataifa 1952. Alisikilizwa, ardhi haikurudi wakati ule. Mdhamini alikuwa ndiye mshitakiwa, na juu yake hapakuwa na mahakama.

Sasa angalia kilichofuata. Uhuru 9 Desemba 1961, Jamhuri 9 Desemba 1962. Kwenye sheria ileile ya 1923, pale palipoandikwa Gavana pakawekwa Rais. Mwaka 1963 machifu wakaondolewa madarakani, na mwaka huohuo umiliki wa kudumu ulioachwa na Mjerumani ukageuzwa kuwa wa kupanga kwa serikali, kisha 1969 ukawa haki ya kumiliki kwa muda kama hati nyingine. Tume ya Shivji ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilishauri mamlaka ya mwisho ya ardhi yaondoke kwa Rais. Serikali ilikataa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mdhamini, tena.

---

Nguvukazi_83

Mkuu, uzi mzuri ila unampa mkoloni sifa asiyostahili. Mwingereza hakuhudumia kwa sababu hakutaka, siyo kwa sababu ya muundo. Mradi wa karanga wa Kongwa, Nachingwea na Urambo (1946 hadi 1951) ulimeza takriban pauni milioni 36 za mlipakodi wa Uingereza na hata mafuta ya kula hayakuonekana. Pesa zilikuwepo. Shule hazikuwepo. Watoto wa shule za msingi mwaka wa uhuru hawakufika nusu milioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya milioni 3.5. Hiyo unaiitaje kama siyo dola kubadilika?

---

Mwanahazina

Mkuu Nguvukazi, takwimu zako ziko sawa, ila fuata pesa kwanza.

Kodi ya nyumba ya Mjerumani iliagizwa 1897: rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na ikaruhusiwa kulipwa kwa mazao au kwa kazi. Lengo halikuwa mapato peke yake. Mtu akidaiwa rupia lazima atafute mahali rupia zilipo, yaani shambani kwa mzungu. Mwaka 1905 ikaja kodi ya kichwa ya rupia 3 kwa kila mwanamume mzima, na kabla mwaka haujaisha vita vya Majimaji vikawaka. Pamba ya lazima ndiyo iliyotia kiberiti, lakini kuni zilikuwa zimeshapangwa.

Mwingereza alirithi chombo hicho. Gavana Cameron, kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, alimpa chifu kazi ya kukusanya, kisha sehemu ya makusanyo ikarudi kwenye hazina ya wenyeji. Kwenye sehemu hiyo ndipo zilipotoka posho ya chifu na karani, mahakama yake, barabara ya vumbi na zahanati kama ikibahatika. Kasoro iko kwenye mpangilio wenyewe: wilaya tajiri kwa kahawa inapata shule, wilaya ya ng'ombe na ukame inapata karani na mahakama. Tofauti ya Kilimanjaro au Bukoba na Dodoma ya leo ina mizizi mingi, na huu ni mmojawapo. Wamisheni waliongezea palepale penye baridi na kahawa.

Baada ya uhuru kodi ya kichwa ya halmashauri ilifutwa 1969. Halmashauri zenyewe zikafutwa 1972 kwa jina la madaraka mikoani. Zikarudishwa kwa sheria za 1982, na kodi ya maendeleo ikarudi nazo, na mgambo barabarani wakikagua stakabadhi. Ikafutwa tena kwenye bajeti ya 2003/04, Hazina ikiahidi ruzuku ya kufidia. Hesabu ya kijiji tangu hapo ni nyepesi kuieleza: kijiji hakina kodi yake kinayoweza kuitegemea, kinasubiri halmashauri, na halmashauri inasubiri Hazina. Ukimwondolea mtu kodi ya unyanyasaji umefanya la haki, lakini ukiondoa na chanzo cha pesa ya mahali pale bila kuweka kingine, umemhamishia uamuzi wa tundu la choo cha shule Dodoma.

---

Kaya250

Naongezea vijiji, maana hapo ndipo amri na huduma zilipokutana uso kwa uso.

Mwanzo Ujamaa Vijijini ulikuwa wa hiari. Operesheni zilianza kwa vipande: Rufiji 1968 baada ya mafuriko, Dodoma 1971, Kigoma 1972. Novemba 1973 ndipo ilipotangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho wake ni 1976. Sheria ya Vijiji ya 1975 ikaweka kipimo: kaya zisizopungua 250, mkutano mkuu wa watu wote wa miaka 18 na zaidi, halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 25, na usajili kwa Msajili. Kufikia 1977 watu wapatao milioni 13 walihesabiwa kuwa ndani ya vijiji.

Mantiki ya huduma ilikuwa kweli. Mpango wa afya ulilenga zahanati 1 kwa watu 10,000 na kituo cha afya 1 kwa watu 50,000. Huwezi kuutimiza kama kaya zimetawanyika kila moja kilimani kwake. Bomba moja, shule moja, muuguzi mmoja: lazima watu wawe karibu.

Palipoharibika ni kwenye utekelezaji, na sababu zinatajika:

Viongozi wa wilaya walipimwa kwa idadi ya watu waliohamishwa, siyo kwa maji yaliyopatikana. Hivyo nyumba zilipangwa kando ya barabara, mahali ambapo gari la mkuu wa mkoa lingeziona, hata kama kisima kiko mbali.

Wengine walihamishwa wakati wa kuandaa mashamba. Ukame wa 1973/74 ulikuta watu hawajalima, nchi ikaagiza nafaka kwa fedha za kigeni wakati bei ya mafuta imeshapanda.

Kaya 250 na mifugo yao mahali pamoja zinamaliza kuni, malisho na rutuba ya udongo wa karibu. Shamba zuri likabaki kwenye mahame, yaani makazi ya zamani yaliyohamwa, mkulima akatembea saa nzima au mbili kulifikia, na nguruwe pori wakawahi kabla yake.

Halafu 1976 vyama vya ushirika vikafutwa. Mkulima akaachiwa chombo cha serikali cha zao lake tu kama mnunuzi, na akichelewa kulipwa hana pa kulalamika ila kwa bwanashamba.

---

Wakili_wa_Kata

Kaya250 umeacha kasoro moja kubwa, ya kisheria. Watu walihamishwa bila haki zao za kimila kule walikotoka kufutwa kwa utaratibu wa kisheria. Miaka ya 1980 mambo yalipolegea, wenye mahame na wenye viwanja vya kijiji wakaanza kufikishana mahakamani, na wenye mahame wakashinda. Serikali ilijibu kwa Tangazo Na. 88 la 1987 la kufuta haki za kimila mkoani Arusha, kisha kwa sheria ya nchi nzima ya 1992 iliyofuta haki hizo na kuzuia watu wasiende mahakamani.

Sheria hiyo iliingia Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, uamuzi wa Desemba 1994 chini ya Jaji Mkuu Nyalali. Mahakama ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Kuichukua bila fidia ya haki ni kinyume cha Katiba, na ardhi aliyoiendeleza mtu kwa jasho lake ina thamani hata bila jengo juu yake. Kabla ya hapo, chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, ardhi tupu haikulipwa. Ulilipwa mti na ukuta.

Kwa hiyo, mleta uzi, siyo kwamba hakuna kilichobadilika. Kilibadilika 1984, Hati ya Haki ilipoingizwa kwenye Katiba na kuanza kutumika mahakamani 1988. Ila angalia kilichoachwa nje. Ibara ya 11 inazungumzia haki ya kazi, elimu, na msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayapelekwi mahakamani kutiliwa nguvu. Shamba unaweza kulishitakia serikali. Zahanati ukiikosa, unamwandikia mbunge.

---

Nguvukazi_83

Sawa mwanasheria msomi, lakini nchi ingesubiri hati ya haki ndiyo ipeleke watoto shule? Azimio la Musoma la 1974 lilisema kila mtoto aingie darasani ifikapo 1977, wakachukuliwa wahitimu wa darasa la saba wakafundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na redio. Ubora ulishuka, nakubali. Lakini nchi ilijifunza kusoma. Nionyesheni koloni la zamani lenye kipato kile lililofanya hivyo kwa njia ya mahakama.

---

Karafuu_Kavu

Assalaam alaykum. Mnazungumza kama vile dola ni moja. Zanzibar ilikuwa nchi ya himaya yenye Sultani wake, na njia yake ni tofauti. Mapinduzi 12 Januari 1964. Machi ardhi yote ikawa ya serikali. Elimu bila malipo 23 Septemba 1964. Matibabu bila malipo Machi 1965. Ugawaji wa eka tatu tatu ukaanza Novemba 1965. Yote hayo kwa dikrii, bila Bunge. Kwa hoja ya Boma_Kuu, hapa amri ilikuwa wazi kabisa, wala haikujificha.

Na eka tatu zilikuja na tatizo lake: mpewaji alipewa kutumia, hakuwa na ruhusa ya kuuza wala kukata vipande. Wamekufa waliopewa, warithi ni kumi, mikarafuu imezeeka. Vipande viliuzwa chini kwa chini na vingine vikawa viwanja.

Muungano wa 26 Aprili 1964 ulianza na mambo 11. Orodha sasa ni 22. Ulinzi, mambo ya nje, sarafu, kodi ya mapato, forodha na mikopo ya nje viko kwenye Muungano. Afya na elimu ya msingi haviko. Maana yake mzigo wa huduma uko Unguja, na vyombo vikubwa vya kutafutia pesa viko Bara. Ndiyo chanzo cha ugomvi wa ile asilimia 4.5 ya misaada ya kibajeti inayokuja Zanzibar.

Hata hivyo tazameni pensheni jamii. Ilianza Aprili 2016: kila mwenye miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Haiulizi uliwahi kuajiriwa, haipimi umasikini. Ni cheti cha umri na kitambulisho cha ukaazi. Bara hamna kitu hicho.

---

Mwanahazina

Hapo kwenye pensheni, sheikh, umegusa donda. Bara mfumo wa uzeeni ulijengwa kwa mwajiriwa. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi, NPF, wa 1964 ulikata asilimia 5 kwa mfanyakazi na 5 kwa mwajiri, ukilipa kwa mkupuo. Sheria ya NSSF, mfuko ulioirithi NPF, ya 1997 ikaleta pensheni ya mwezi, michango jumla asilimia 20, na masharti ya kuchangia miezi 180. Mkulima na machinga wako nje ya mlango, ila wakijiandikisha kwa hiari.

Na hata aliyemo ndani yuko chini ya kanuni zinazobadilishwa kwa tangazo. Mfano ni kikotoo, kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Chukua mtumishi aliyefanya kazi miezi 360, wastani wa mshahara shilingi milioni 1 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka.

Kanuni ya zamani ya watumishi wa umma: milioni 12 × 360 ÷ 540 = milioni 8. Nusu yake × 15.5 = mkupuo wa milioni 62. Nusu nyingine ÷ 12 = shilingi 333,333 kwa mwezi.

Kanuni ya Julai 2022: milioni 12 × 360 ÷ 580 = 7,448,276. Asilimia 33 yake × 12.5 = mkupuo wa 30,724,138. Asilimia 67 iliyobaki ÷ 12 = 415,862 kwa mwezi.

Mkupuo umekatwa nusu, pensheni ya mwezi imepanda kama robo. Hesabu hiyo inaweza kutetewa na kupingwa. Kinachonishangaza ni njia iliyopitia. Kanuni ya kwanza, ya asilimia 25, ilitangazwa 2018, ikapigiwa kelele, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaisimamisha kwa tamko. Ikarudi 2022 kwa asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa kwenye nusu. Bunge halikuwa mwamuzi wa kwanza hata mara moja. Tamko linatoa, tamko linarudisha.

Shule nazo zilipita njia hiyohiyo. Ada ya msingi iliondolewa 1973, ikarudi miaka ya 1980, hospitali zikaanza kuchangisha 1993. Chanzo cha nje tunakijua: vita ya Kagera 1978/79, mafuta, bei za mazao, kisha IMF. Mwalimu alikataa masharti yao 1980; Mwinyi alisaini 1986, na dola moja ya Marekani ikatoka kama shilingi 17 ikaenda 40. Ada ya msingi ikafutwa tena kuanzia 2002, na ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016.

Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ikawekwa shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kilichokusudiwa kulingana na dola 10 za wakati ule. Kati yake 6,000 zinakwenda shuleni na 4,000 zinabaki juu kwa vitabu. Shule ya watoto 800 inapata 4,800,000 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi: chaki, ukarabati, mitihani, umeme. Bei zimepanda mara kadhaa, kiwango kimeganda. Ndipo inapozaliwa "michango" ya wazazi, ambayo waraka unaikataza na mwalimu mkuu hawezi kuishi bila hiyo.

---

Boma_Kuu (mleta uzi)

Nguvukazi, sikatai kazi ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Nasema jambo lililoletwa na amri peke yake halina mtu wa kulilinda siku amri ikigeuka. Ada iliyofutwa 1973 iliporudi hakuna mzazi aliyekuwa na mahali pa kwenda.

Na hii ya mamlaka kwa nje tuitazame hivyohivyo. Sheria ya 2017 ya mamlaka ya kudumu juu ya rasilimali inazuia migogoro ya madini kupelekwa mahakama za nje. Pacha wake inaruhusu Bunge kuelekeza mikataba yenye masharti ya hovyo ijadiliwe upya. Mrabaha wa dhahabu, uliokuwa asilimia 3 chini ya sheria ya 1998 na 4 chini ya ile ya 2010, ukawa 6, na ada ya ukaguzi asilimia 1 juu yake. Serikali ikapata hisa zisizolipiwa zisizopungua asilimia 16. Twiga Minerals, kampuni ya ubia kati ya serikali na Barrick, ilizaliwa hapo, pamoja na makubaliano ya Barrick kuilipa serikali dola milioni 300.

Nashangilia kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini sheria hiyo inaishikisha serikali nguvu dhidi ya kampuni. Mwanakijiji wa jirani na mgodi haimpi nguvu yoyote dhidi ya serikali.

---

Kaya250

Wakili, basi tupe utaratibu. Kijiji kikiambiwa ardhi yake inahitajika, kianzie wapi?

---

Wakili_wa_Kata

Kwa ufupi, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na kanuni za fidia za 2001:

Kwanza, ulizeni aina ya ardhi. Ziko tatu: ya jumla, ya kijiji, ya hifadhi. Mtego uko hapa: Sheria ya Ardhi Na. 4 inaingiza ardhi ya kijiji "isiyokaliwa au isiyotumika" kwenye ardhi ya jumla, lakini Sheria Na. 5 haisemi hivyo. Afisa atawasomea ile ya kwanza. Jibu ni mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu, unaoonyesha malisho, akiba na misitu kwa mipaka. Eneo la akiba lililopangwa ni eneo linalotumika.

Pili, kuhamisha ardhi ya kijiji kunahitaji tangazo kwenye Gazeti la Serikali lenye mahali, ukubwa na sababu, na nakala ije kwa halmashauri ya kijiji. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu unakubali au unakataa. Likizidi, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anaamua. Angalieni sana wawekezaji wanaoomba vipande viwili vya hekta 240 vinavyopakana.

Tatu, ardhi haihamishwi kabla aina, kiasi na muda wa fidia havijakubaliwa. Fidia ina vipengele: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, yaani thamani hiyo mara wastani wa riba ya amana za mwaka benki, kodi ya pango ya soko ya mwezi mara 36, faida halisi ya mwezi iliyothibitishwa kwa hesabu, mara 36, na usafirishaji wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Ardhi isiyokaliwa haipati pango, faida wala usafiri, kwa hiyo shamba lenye kibanda cha msimu liandikwe kibanda kikiwepo, siku mthamini anapopita. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, riba inaanza kuhesabiwa, na watu wengi hawaidai kwa kuwa hawajui ipo.

Nne, muhtasari. Kura nyingi za mkutano mkuu huanguka kwa sababu ya karatasi: tarehe ya tangazo la mkutano haipo, orodha ya mahudhurio haina saini, au ni kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoandikwa kama mkutano mkuu. Mtendaji asiandike peke yake. Mchagueni mwanakijiji wa pili aandike sambamba, wote wawili wasaini kila ukurasa, na nakala ibaki kwa mwenyekiti na kwa mtu mmoja asiye kiongozi.